Ukihamisha saraka, umehamisha nini?

Kitenzi 'hama' hakina utata kwa Mswahili. Mtu akihama Eastleigh kwenda Ruiru, twajua hasa kilichotokea: vyombo vimepakiwa kwenye lori, vyumba alivyoviacha vimebaki vitupu, na ukimwendea kule kwa zamani utaambiwa alishaondoka. Aliyehama hayuko sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kutokana na 'hama' twapata 'hamisha', nalo hurithi maana hiyo yote: kilichohamishwa kimetoka kule na kimefika huku.

Neno hilo tumelitwika kazi katika tarakilishi, na huko limeanza kutudanganya. Mara hutaja kubadilisha jina tu, pasi na kitu kusogea hata inchi moja. Mara hutaja kunakili. Mara nyingine hutaja kunakili na kisha kufuta. Anayesoma hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo, na ninakusudia kuonyesha kwamba kutojua huko kunaweza kumgharimu mtu kazi ya miaka.

Mfano wangu ni kazi ambayo wasimamizi wa mifumo ya Unix, pamoja na Linux iliyofuata nyayo zake, huifanya mara kwa mara. Diski imejaa. Imenunuliwa ya pili, na saraka za watumiaji zinapelekwa huko. Wasomaji wasiopenda habari za mitambo wanivumilie; hii ni safu ya lugha na itabaki hivyo. Lakini huwezi kuchagua neno la tendo usilolielewa, kwa hivyo hebu kwanza tuingie kwenye chumba cha seva.

Saraka ni mahali pa kuwekea faili na saraka nyingine ndogo. (Wapo wanaosema 'kabrasha'. Sina ugomvi nao, ila 'saraka' imezoeleka zaidi kwa wanaoandika amri kwa mkono.) Katika Unix, saraka zote za mtambo zimo kwenye mti mmoja. Mti huo una mzizi, unaoandikwa kwa mkwaju mmoja tu, na kutoka hapo yanachipuka matawi. Tawi moja huitwa /home, na ndani yake kila mtumiaji ana kijitawi chake: /home/amina, /home/otieno, na kadhalika. Linganisha na mtindo wa Windows, ambapo diski ya kwanza huitwa C na ya pili D. Kule anwani ya faili inataja diski. Katika Unix anwani haitaji diski yoyote. Amina anaweza kufanya kazi miaka kumi asijue faili zake zimo kwenye chuma kipi, wala hana haja ya kujua.

Kijitawi cha Amina huitwa kwa Kiswahili 'saraka ya nyumbani', na tafsiri hii naipenda kwa sababu ya kisarufi. 'Nyumba' ni jengo. Ni nomino ya ngeli ya I-ZI, nasi husema 'nyumba yangu imebomoka'. Ukiongeza kiambishi -ni, neno linahamia ngeli ya mahali: 'nyumbani kwangu', 'nyumbani pangu', 'nyumbani mwangu'. Nyumba ya udongo yaweza kubomolewa ikajengwa ya mawe palepale, na nyumbani pakabaki pale pale. Ndivyo ilivyo kwa /home/amina. Anwani hiyo ni mahali. Kilicho chini yake, yaani diski, chaweza kubadilishwa usiku mmoja, na asubuhi Amina akaingia kwa mlango ule ule.

Wazo hili si ujanja wa mafundi wa leo. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika makala yao maarufu ya mwaka 1974 wanaeleza mtambo wao wa PDP-11/45. Ulikuwa na diski moja isiyotolewa ya megabaiti 1, vinu vinne vya diski za kubadilishwa, kila diski ikiwa na megabaiti 2.5, na kinu kimoja kikubwa cha diski ya megabaiti 40. Mzizi wa mti ulikuwa kwenye ile diski ya megabaiti 1. Faili za watumiaji zilikuwa kwenye ile kubwa, ambayo mfumo uliiunganisha na mti kila ulipoanza kazi. Yaani kuwapa watumiaji diski yao kulikuwamo tangu utoto wa Unix. Megabaiti 40! Leo picha kumi hivi za simu zaweza kuijaza diski hiyo.

Siku zile watumiaji waliwekwa chini ya saraka iitwayo /usr, jina lililokatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya mtumiaji. Baadaye programu za mfumo zilifurika zikaingia humo, na watumiaji wakapelekwa kwingine. Leo kwenye Linux ya kawaida /usr imejaa programu na hakuna mtumiaji hata mmoja anayeishi humo. Jina limebaki, wenyeji wameondoka. Abiria wa Nairobi wanalijua jambo hili: hushuka Odeon hadi leo, ilhali hakuna anayekwenda kutazama filamu.

Sasa tufike kwenye tendo lenyewe la kuunganisha diski na mti. Hapa ndipo watafsiri wanapopata taabu. Neno la Kiingereza lilitokana na kazi ya mikono: mhudumu alichukua diski au utepe, akauweka kwenye mtambo, akaufunga. Nimewahi kuona mwongozo mmoja ukitafsiri tendo hilo kwa 'panda', eti 'panda diski', kana kwamba diski ni farasi au mbegu ya mahindi. Hiyo ni kazi ya aliyefungua kamusi akachukua neno la kwanza alilolikuta. Wengine wameandika 'pachika'. Hilo si baya, lakini lina upungufu mmoja.

Tendo hili lina mwenzake wa kuligeuza. Diski iliyounganishwa na mti yaweza kutenganishwa nao wakati wowote, na ikaunganishwa tena. Kiswahili kina kauli mahususi ya matendo ya namna hiyo, nayo ni kauli ya kutendua, ambayo kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili shuleni anaikumbuka: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, funika, funua. Neno tunalolitafuta lazima liwe na mwenzake wa kutendua anayetoka mdomoni bila kulazimishwa. 'Pachika' hainipi mwenzake kwa urahisi.

'Bandika' na 'bandua' ningewachagua, ila wameshachukuliwa. Mtu akisikia 'nakili na ubandike' anafikiria kuchukua maandishi hapa na kuyaweka pale. 'Chomeka' na 'chomoa' twawahitaji kwa ule waya wenyewe. Fundi huchomeka diski kwa mikono kabla ya kutoa amri yoyote. 'Pakia' na 'pakua' wana kazi yao mtandaoni tayari. Pendekezo langu ni 'angika' na 'angua'. Twaangika kanzu kwenye msumari, twaangika taa ukutani, na twaangua nazi mtini. Na tumeshasema kwamba saraka za Unix ni mti. Diski ya pili inaangikwa kwenye tawi liitwalo /home. Ukitaka kuitoa, unaiangua.

Huenda mtu akasema kuangua ni kwa nazi na mayai tu. Mayai ni kweli, lakini muktadha utamwokoa. Hakuna msimamizi wa seva atakayesubiri vifaranga.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ilistahili sifa. Lakini ilihusu programu za ofisini, za kuandika barua na kupanga hesabu. Anayeshinda kwenye chumba cha seva bado anajitafutia maneno kila mmoja kivyake, na hapo ndipo 'hamisha' linapotumiwa kwa kila kitu.

Hebu tuone kinachofanyika hasa. Thompson na Ritchie walieleza kwamba faili zilizo kwenye diski mbalimbali hutendewa sawa katika mti wao, isipokuwa kwa jambo moja: faili moja haiwezi kuwa na majina mawili, moja kwenye diski hii na jingine kwenye ile. Kanuni hiyo yaonekana ndogo, ila matokeo yake ni makubwa. Ndani ya diski moja, amri ya mv haisogezi chochote. Inaipa faili jina jipya na kuliondoa la zamani, na hata saraka yenye gigabaiti mia tano 'huhama' kufumba na kufumbua. Kutoka diski moja hadi nyingine haiwezekani hivyo. Hapo mv hulazimika kunakili kila baiti na, ikimaliza, kufuta ya kwanza. Amri ni moja na kitenzi ni kimoja, lakini matendo ni mawili yasiyofanana kabisa.

Msimamizi makini haitumii mv kwa kazi hii. Kwanza anawatoa watumiaji wote, maana huwezi kunakili barua ambayo mwenyewe bado anaiandika. Diski mpya anaiundia mfumo wa faili, anaiangika mahali pa muda, kwa desturi /mnt, halafu ananakili. Na kunakili kwenyewe kuna adabu zake. Unix haimkumbuki mwenye faili kwa jina, bali kwa nambari, na nambari hiyo imeandikwa kwenye faili pamoja na ruhusa za nani asome na nani aandike. Anayenakili ni msimamizi mkuu. Akinakili ovyo, kila nakala itaandikwa kuwa mali yake yeye. Ni kama kumjengea mtu nyumba mpya kisha hatimiliki ikatoka kwa jina la mwashi. Amina atakuta tasnifu yake, huenda hata aweze kuisoma, lakini hataweza kuongeza nukta. Ndiyo maana amri ya cp huandamana na herufi -a, inayoiagiza ilinde umiliki, ruhusa na tarehe. Wanaopenda rsync huongeza -H juu ya -a, kwa ajili ya faili zenye majina zaidi ya moja, la sivyo kila jina litageuka nakala kamili na diski mpya kujaa kabla ya wakati.

Nakala ikishakaguliwa, /home ya zamani inapewa jina jingine, tuseme /home.zamani. Inaundwa /home mpya isiyo na kitu, na diski ya pili inaangikwa hapo. Mstari mmoja unaongezwa kwenye faili ya /etc/fstab ili mfumo uiangike wenyewe kila unapowashwa. Mstari huo utaje kitambulisho cha diski, si jina lake la muda, kwa sababu majina hayo hugawiwa kwa zamu na ya kwanza leo yaweza kuwa ya pili kesho. Msimamizi akiusahau mstari, siku umeme utakapopotea na kurudi, watumiaji watafungua /home wakute patupu. Watapiga kelele kwamba kazi zao zimepotea. Hazijapotea. Diski haijaangikwa tu.

Wako wanaoacha kielekezi badala ya kuangika, yaani faili ndogo isemayo 'waliokuwa hapa sasa wako kule', uwezo uliokuja na 4.2BSD mwaka 1983. Inafaa pia, ingawa naiona kama karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Mtego mkubwa ni mwingine. Tuseme msimamizi hakubadilisha jina la /home ya zamani. Ameiangika diski mpya moja kwa moja juu ya saraka iliyojaa. Mfumo haukatai. Faili za zamani hazifutwi; zinafunikwa. Ni sawa na kuangika pazia mbele ya rafu ya vitabu: vitabu vipo, ila huvioni. Ukiliangua pazia, umevifunua. Basi hapo hutokea kioja ambacho nimesikia mafundi kadhaa wakikilalamikia: tumepeleka kila kitu kwenye diski ya pili, mbona ya kwanza bado imejaa? Imejaa kwa sababu hakuna kilichohama. Vimenakiliwa, vikafunikwa, vikaachwa pale pale.

Kisha fundi, akitaka kupata nafasi, anaingia /home ili afute 'za zamani'. Jamani! Jina hilo sasa linaongoza kwenye diski mpya. Anachokifuta ni kazi hai za watu, huku za zamani zikiwa salama nyuma ya pazia.

Sarufi yetu ilikuwa na onyo tayari. Angika ina angua. Funika ina funua. Chomeka ina chomoa. Matendo haya yote msimamizi anaweza kuyageuza akiona amekosea. 'Futa' haina mwenzake. Ukilisikia 'futua', halina maana ya kurudisha kilichofutwa. Kwenye mstari wa amri za Unix, rm nayo haina pipa la taka wala haikuulizi mara ya pili. Ningemfundisha msimamizi mchanga kazi hii kwa Kiswahili, ningemgawia vitenzi vyake mafungu mawili kwa kipimo hicho tu, na kumwambia alale usiku mmoja kabla ya kugusa fungu la pili. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na diski mpya ni msala mpaka ithibitike.

Nije sasa kwenye tangazo lililonifanya niyawaze haya. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, idara ilibandika karatasi ukutani siku ya Jumatano: 'Watumiaji wote mnaarifiwa kuwa saraka zenu zimehamishwa hadi diski mpya. Za zamani zitafutwa Ijumaa.' Mwanafunzi mmoja wa uzamifu alikuwa ameweka kwenye seva hiyo rekodi za wazee wa kisiwa cha Pate, msingi wa utafiti wake kuhusu lahaja ya Kipate. Sehemu ya mwisho aliiingiza Jumanne. Kunakili kulikuwa kumefanywa Jumatatu usiku, na watumiaji hawakuwa wametolewa.

Jumatano alifungua saraka yake asione rekodi za Jumanne. Alifanya nini? Alisubiri. Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ya mtu anayeona jambo liko wazi: 'Prof, si walisema zinahamishwa? Nilijua bado ziko njiani.' Naye alikuwa na haki. Katika Kiswahili, kinachohamishwa kikikosekana mwisho wa safari, kiko barabarani. Lori limekwama mahali. Nakala haina safari. Kitu kimenakiliwa au hakijanakiliwa. Lau tangazo lingesema 'zimenakiliwa', angejua kwamba asili ipo bado na angekwenda kulinganisha. Ijumaa asili ikafutwa. Kadi ya kinasa sauti ilikuwa imeshatumiwa kwa mahojiano mengine. Baadhi ya wazee aliwarudia na wakamkubalia kwa ukarimu. Mmoja alikuwa amefariki.

Wiki iliyofuata nililikuta tangazo lile bado liko ukutani. Mwenzake mmoja alikuwa ameongeza silabi moja kwa kalamu nyekundu, na sentensi ya pili ikawa inasomeka: 'Za zamani zitatafutwa Ijumaa.' Nimefundisha viambishi vya njeo kwa miongo mitatu na sijapata kuona mfano wenye uchungu kama huo.

Ningeulizwa, tangazo ningeliandika hivi: 'Saraka zenu zilinakiliwa kwenye diski mpya Jumatatu saa nne usiku. Kilichoingizwa baada ya hapo hakimo kwenye nakala. Diski mpya imeangikwa mahali pa ile ya zamani, kwa hivyo anwani zenu hazijabadilika. Asili bado zimo katika /home.zamani, kila mmoja alinganishe zake na atupe taarifa. Asili zitafutwa baada ya siku thelathini, na zikishafutwa hazitarudi.' Ni refu kuliko la kwanza mara nne hivi, na najua kuna fundi atakayelalamika kwamba hana muda wa kuandika insha. Karatasi ile ya ukutani, hata hivyo, ilikuwa na maandishi juu tu. Chini yote ilikuwa nyeupe.